Nimelipa milioni mbili na ushee kutunza uniti moja ya umeme

Kabla ya yote, kumbuka risiti yako ya Luku. Uniti moja ni Wh 1,000, yaani wati-saa: wati mara saa zinazotumika. Sanduku nililonunua Kariakoo kwa shilingi milioni mbili na laki tatu, lenye betri na inveta (kile kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) humo humo ndani, limeandikwa Wh 1,024. Kwa hiyo fedha zote zile zimekwenda kutunza uniti moja, ile ile ambayo ukinunua kwa simu haifiki shilingi 400. Muuzaji angeniambia hivyo badala ya kuniimbia "mAh laki tatu", ningeuliza maswali mengine kabisa.

Hiyo mAh, miliampea-saa, ndiyo inayopoteza watu. Bila kutajiwa volti, haikuambii betri imebeba kiasi gani. Pawabanki ya mAh 20,000, yaani Ah 20, tuseme ya volti 3.7, ni Wh 74 tu (20 mara 3.7). Uliza Wh. Muuzaji akianza kuzunguka, toka nje nenda duka la pili, na siku hizi la pili halipo mbali. Tangu ule mgao wa umeme, hata waliokuwa wanauza kava za simu wanauza betri.

Mgao wenyewe, mwishoni mwa 2023, ulinikuta sina kitu. Nikanunua betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, na inveta ya bei poa. Kwa hesabu ni Wh 1,200, lakini betri ya namna hiyo ukizoea kuinyonya kupita nusu unaiua, na mimi nilikuwa naiacha mpaka inveta ipige kelele. Haikumaliza mwaka. Mgao ulilegea mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha, Februari 2024, ila waya wa mtaani kwetu hauna habari za bwawa. Upepo kidogo, tawi la mwembe, giza.

Safari hii nikasema lazima iwe LiFePO4, lithiamu inayovumilia kuchajiwa maelfu ya mara, na ambayo hata ukiitumia karibu yote haikasiriki. Shemeji yuko Dubai, akajitolea kuniletea kwa bei nafuu. Bahati nzuri aliuliza kwanza: ndege ya abiria haikuruhusu kupanda na betri inayozidi Wh 160. Nikarudi Kariakoo. Jina la kampuni nimeliacha kusudi, maana masanduku ya ukubwa huu yanafanana kuliko matangazo yake.

Siku ya kwanza nililijaribu kwa makusudi. Saa moja jioni nilichomeka friji, feni moja, ruta na taa mbili. Saa nane usiku likazima. Saa saba. Nilipopiga hesabu, kilichotoka ni kama Wh 870. Inveta imekula iliyobaki. Na kulijaza tena nilitumia uniti moja na robo hivi, kwa hiyo ukidhani utaokoa pesa za Luku, sahau.

Friji inawaka bila shida. Pampu ya maji ya HP 1 ilikataa katakata. Sanduku linatoa wati 1,800, pampu ikishaanza hula kama 1,000, lakini ule mshtuko wa kuanza ni mara kadhaa ya hapo, na mara zote tatu nilizojaribu lilijizima. Birika linachemsha, ila ukitazama asilimia zinavyoshuka utakunywa chai kwa huzuni. Pasi nimeipiga marufuku.

Kitu nilichogundua kwa kuchelewa ni ruta. Nilikuwa naiacha kwenye soketi ya kawaida usiku kucha, ruta ya wati 10, na asubuhi betri imeshuka kuliko nilivyotarajia. Kumbe inveta yenyewe ikiwa imewashwa inakula, uwe umechomeka kitu au hujachomeka. Ruta yangu ni ya volti 12, na sanduku lina tundu la volti 12 kama la gari. Nikatafuta waya wake, elfu nane, inveta nikaizima. Sasa ruta inakaa siku tatu. Hakuna muuzaji aliyenigusia hilo.

Kasoro: likichaji kwa kasi, feni zake zinavuma kama jiko la gesi, kwa hiyo chumbani hapana.

Julai tulilipeleka Lushoto, kambi ya usiku mbili karibu na msitu wa Magamba, pamoja na paneli ya wati 100. Kilo 12 kutoka kwenye gari mpaka kwenye hema, mlimani, nilizihesabu moja moja. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka saa nne na paneli ikatoa wati 15. Jua lilipotoka ikafika 70, sikuwahi kuona 100. Mke wangu alikuta paneli na sanduku vyote vinaota jua, na sanduku limeshaanza kulalamika joto. Paneli ndiyo inayotaka jua, betri inataka kivuli. Nililijua hilo, nilijisahau tu.

Na baada ya taa, simu nne, kamera na spika ya watoto, tulirudi na asilimia 60. Kwa kambi, sanduku la Wh 250 lingetosha na ningelibeba kwa mkono mmoja. Kwa nyumbani, hili langu halifiki asubuhi. Nilitaka moja la kazi mbili, nikapata lililo zito kule na dogo huku. Ningekuwa nanunua leo, ningechukua Wh 2,000 likae sebuleni lisitoke, na kambini niende na dogo la kuazima.

Desemba tunakwenda Saadani. Kaka yangu ana sanduku dogo, nimeshamwomba. Langu linabaki nyumbani na friji, maana kuna samaki wa sikukuu humo ndani na tawi la mwembe bado halijakatwa.