Msiende darasa la kushona ngozi! Au nendeni, lakini penseli acheni nyumbani

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikisema hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika. Jina la mahali silitaji. Waliopita pale Mikocheni watapajua wenyewe kwa ngazi za chuma na kile kiyoyozi kinachodondoshea watu maji utosini.

Kwanza mjue mimi si fundi. Nashinda kwenye makaratasi ya forodha kuanzia asubuhi, na jioni mikono inaniwasha kutaka kushika kitu chenye uzito. Kilichoniingiza kwenye ngozi ni fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee mwenye mwavuli wake pembeni ya kituo cha daladala. Nilimpelekea kandambili ya ngozi iliyokatika mkanda, nikabaki pale nikimtazama mpaka giza likaingia. Kisu chake amekichonga mwenyewe kutoka kwenye msumeno wa chuma. Ananyoa ngozi iwe nyembamba kama mtu anayemenya embe. Alinipa mabaki bure, mfuko mzima, akasema, "Kaharibu hayo kwanza, mwanangu, ndiyo uje."

Mzee yule hushona kwa msharasi wenye ndoano. Anatoboa, ananasa uzi kwa chini, anauvuta juu, kitanzi kinapitishiwa uzi wa pili. Ni kazi ya haraka na viatu vinatoka. Tatizo lake ni moja: uzi ukikatika mahali pamoja, ukauchokonoa kidogo, kushona kote kunaanza kulegea. Nilisikia kuna kushona kwa sindano mbili ambako hakufumuki, nikatamani kujua. Ndipo nikalipa laki na ishirini kwa Jumamosi na Jumapili, chai na vitumbua ndani yake, pamoja na kifurushi cha vifaa vya kwenda navyo nyumbani. Kifurushi nakipita haraka: sindano nzuri, nta nzuri, uma wa kutobolea una jino moja limepinda tangu dukani. Kama si lile la Jumapili, hata jino hilo nisingelitaja.

Lililotokea Jumapili baada ya chai ni hili. Tulikuwa tumemaliza kukata vipande vya kipochi cha kadi. Wenzangu wanagonga uma, meza inatikisika. Mimi nikachukua karatasi, nikaweka pateni, yaani kile kielelezo cha kukatia, juu yake, nikaanza kuizungushia penseli. Mwalimu, kijana wa miaka kama thelathini, aproni ya ngozi hadi magotini, akaja akasimama nyuma yangu.

"Kaka, hapo unafanya nini?"

"Nachora pateni, mwalimu. Nikawaoneshe watoto nyumbani, na majirani wawili watatu."

"Hiyo ni kazi yangu. Hairuhusiwi."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaichomoa karatasi chini ya kiganja changu, penseli ikaacha mstari mrefu uliopinda, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa aproni. "Wakitaka kujifunza, waje walipe kama wewe ulivyolipa."

Nyundo zote zikanyamaza. Dada mmoja alikuwa amenyanyua kikombe akakirudisha mezani bila kunywa. Mimi nina mvi, jamani. Nina mtoto yuko sekondari. Nimenyang'anywa karatasi kama mwanafunzi wa darasa la pili aliyekamatwa akichora katuni ya mwalimu.

Na alichoninyang'anya ni nini? Mistatili mitatu! Kadi ya benki ina upana wa milimita 85.6 na kimo cha milimita 54, iwe ya Dar, ya Mombasa au ya Muscat, kwa sababu mashine lazima zizimeze zote. Ukiilaza juu ya ngozi, ukaongeza milimita tatu au nne kila upande wa kushona na nafasi kidogo ya kadi kupumua, pateni imekwisha. Usiku ule nilichora yangu kwa dakika tano, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Sasa anayemiliki umbo la kadi ya benki ni nani? Kama angekuwa na begi lenye mapindo na mifuko ya siri, alilolikesha miezi, ningemwelewa, tena ningekuwa wa kwanza kuomba radhi. Lakini mstatili!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba asubuhi ya siku hiyohiyo kijana yule alikuwa ametufundisha vizuri mno. Ndiyo, nakiri, ingawa nakiri kwa meno yaliyokazwa. Alituambia bila kuulizwa kwamba ngozi ya kwenye kifurushi ni ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa dawa ya kromu, laini, inayofaa mifuko, ila ukingo wake hata uusugue mpaka kesho hauwezi kung'aa. Akatoa kipande kingine, kigumu, cha rangi ya maandazi, kilichosindikwa kwa magome ya miti. Akalowesha ukingo kwa kidole, akausugua kwa kijiti, na mbele ya macho yetu nyuzinyuzi zikalala, ukingo ukawa kama umepakwa vanishi. Nilishika kipande kile sikutaka kukirudisha.

Halafu akaanza kueleza habari za magome. Akasema mikoko ya delta ya Rufiji ilikuwa ikibanduliwa magome tangu wakati wa Mjerumani, yakapakiwa melini kwenda kusindika ngozi za watu wengine. Mimi ni mtu wa Kibiti. Babu yangu alikuwa akitupitisha kwa mtumbwi akituonesha mikandaa, mikoko hiyohiyo, kwa kidole, akisema magome haya yalikwenda Ulaya. Kwa hiyo nilikaa pale nikisikiliza hadithi ya kwetu, nimeilipia ada, na nikafurahi kuilipia! Kijana ameipata kwa mtu, ametupa sisi, hakuna aliyemwambia hairuhusiwi. Makubadhi ya pwani hii nayo yalifikaje kwetu? Mafundi wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, walijulikana kwa kazi ya ngozi tangu zamani. Nakataa kabisa kuamini kwamba kila fundi alimnyang'anya mwanafunzi karatasi.

Lakini ngoja nimalize habari ya sindano mbili, maana ndiyo niliyoifuata. Unapima uzi mara nne ya urefu wa mahali pa kushona, unaupitisha kwenye nta mpaka ulie kwenye vidole, unatia sindano kila ncha. Sindano zote mbili zinapita tundu lilelile, moja inatoka kushoto nyingine kulia, unavuta mikono yote sawa. Kosa langu lilikuwa sindano ya pili kuuchoma uzi wa kwanza ndani ya tundu, kisha vyote vinakwama. Kijana alikaa karibu yangu, akanionesha kuuvuta uzi wa kwanza nyuma kidogo kabla ya kuchomeka wa pili. Alirudia mara saba, nane, hakuchoka. Mama mmoja mtu mzima ambaye macho yalimsumbua, alikaa naye karibu saa nzima. Mtu kama huyo unamwekaje nyota moja?

Moja ndiyo niliyoiweka Jumapili usiku, hata hivyo. Jumatatu nikaongeza ya pili kwa ajili ya yule mama.

Jumapili iliyofuata nikafanya nilichokatazwa. Nilitandika mkeka barazani, watoto wangu wawili, watoto wa jirani, na jirani mwenyewe aliyekuja kuuliza kelele za nyundo ni za nini akaishia kuomba sindano. Uma wenye jino lililopinda ukawa wetu sote. Kila tundu la nne lilikwenda upande, na binti wa jirani, ana miaka tisa, akaamua kwamba hilo ndilo pambo. Kipochi chake kina mshono unaochechemea kwa mpangilio, na hataki kurekebishiwa. Hakuna aliyelipa hata senti. Chai ilikuwa ya mke wangu, ambaye alisema tukitoboa mkeka wake tutahama na nyundo zetu.

Jioni mzee wa viatu akapita akielekea kwake. Nikamkaribisha, nikamwonesha sindano mbili. Akatazama muda mrefu, miwani imeshuka puani.

"Inachelewa," akasema.

"Ni kweli, mzee. Lakini tazama." Nikachukua wembe, nikakata mshono mmoja katikati ya kipande cha majaribio, nikampa. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, kwa vidole vile vilivyovuta nyuzi miaka yote. Uzi wa pili ukashika.

"Mm. Hii haifumuki." Akakaa chini. Akaniambia nihamie pale penye mwanga na nimpishe.

Alishona inchi tatu. Mishono yake ya kwanza ilikuwa mizuri kuliko yangu ya wiki nzima, nami sikuona wivu, au tuseme niliona kidogo. Sasa ameanza kuutumia mshono huo kwenye mikanda ya mikoba inayobeba mzigo. Kwenye viatu anaendelea na msharasi wake kwa sababu mteja wa daladala hana muda. Nami Jumamosi nakwenda kukaa chini ya mwavuli wake ananifundisha kunyoa ngozi, kazi ambayo darasani iligusiwa kwa dakika kumi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Sasa hivi naona mtu asiyejua kabisa namna ya kushika sindano atatoka pale anajua, na hilo halikuwa dogo kwangu. Nyota tatu basi. Hapana, mbili na nusu, kwa sababu karatasi yangu bado iko kwenye mfuko wa aproni na hakuna aliyesema samahani. Msimamizi wao wa simu nilipomweleza alinijibu, "Mwalimu ndivyo alivyo." Ningekuwa mimi napokea mizigo bandarini nikamjibu mteja hivyo, ningeona.

Juzi nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana mwenyewe, si msimamizi. Darasa la mikanda linaanza mwezi ujao, ngozi ni ile ngumu ya magome, na nafasi moja ameniwekea. Habari ya karatasi hakuigusa. Nimeusoma mara tatu, sijajibu. Mke wangu anasema nikienda sina haya.

Bizimu ya mkanda, hata hivyo, nimeshanunua Kariakoo. Ya shaba, nzito.