Riwaya tulizochaguliana mwaka huu: ipi umpe rafiki yako na ipi uiache kwanza

Wengi mmeniuliza kikundi chetu cha kuchaguliana riwaya kinaendaje na tunasoma vitabu gani, ngoja nieleze vizuri. Ni kama upatu tu ila badala ya hela zinazunguka riwaya. Tupo saba hapa Dar, tunapiga kura ya vikaratasi, jina utakaloliokota ndo mtu wako, unamtafutia riwaya, unainunua kwa hela yako unampa, akimaliza tunakutana wote tunaijadili na wewe uliyechagua lazima uwepo useme kwa nini umempa yeye kitabu kile na si kingine. Hapo pa kujieleza ndo utamu wote ulipo. Wengine wanaosoma kitabu hichohicho wanaazimana ama wanajitafutia nakala zao. Sasa naweka tathmini yangu ya vitabu, na nasema kabisa kwamba sivipimi kwa ukubwa wa jina la mwandishi, navipima kwa jinsi vilivyofanya kazi mikononi mwa rafiki aliyepewa.

Namba moja kwangu ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, tena namba mbili iko mbali. Alipewa mwenzetu ambaye ni nesi, aliyemchagulia ni kaka mmoja mzaliwa wa Unguja. Stori ni ya Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15 anayeozeshwa kwa Raza, mwenye duka ambaye umri wake ni wa kumzaa, Zanzibar enzi za Mwingereza. Ndoa inamshinda, anaikimbia, ndugu zake mwenyewe wanamkataa, anaishia kwa Mwajuma, mwanamke wa uswahilini asiye na kitu ila roho yake pana, na kwa kupitia huko anaingia kwenye maisha ya Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye polisi wa mkoloni hawampi usingizi. Mi nilikuja nimejipanga kumsifia Denge, si shujaa wa ukombozi bwana, ila nesi akaanza na swali moja tu, "Hivi huyu Denge kabla ya kumtuma Yasmin kwenye mambo ya hatari alimuuliza lini kama yuko tayari?" Aisee, palichimbika. Kaka wa Unguja akamtetea, akasema nchi haikombolewi kwa kuombana ruhusa, nesi akamwambia, "Kaka yangu, huyo mtoto ametoka kuozwa bila kuulizwa, leo anapendwa bila kuulizwa." Tukaacha chai ikapoa. Tukahamia kwa Mwajuma, na kwa maoni yangu Mwajuma ndo mtu mkubwa kuliko wote mle ndani, maana yeye anamfungulia Yasmin mlango bila kutaka malipo wala kumfundisha siasa. Ndo maana naisema hii ni riwaya ya kuchaguliana, inakupa watu wa kuwagombania, sio ujumbe wa kukubaliana. Filamu yake ya Amil Shivji ya 2021 ni nzuri na mi nimeipenda, lakini mpe rafiki yako kitabu kwanza, ukianza na filamu zile sura zitakukaa kichwani na hutamtengeneza Mwajuma wako mwenyewe.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nayo ilifika mahali pake. Ni kitabu cha 1971, kuna kipindi kilizuiwa mashuleni, na ukikisoma unaelewa kwa nini watu waliogopa, kinasema waziwazi mambo ambayo wazazi wanayanong'ona. Alipewa baba wa mabinti watatu, na aliyemchagulia ni dada mmoja mwalimu ambaye alisema wazi kabisa kwamba amempa kwa sababu ya wale mabinti. Kule Ukerewe mzee Zakaria, mlevi, anamchapa Rosa vibaya sana kwa ajili ya barua ya mvulana, Charles, na Rosa anatoka hapo hajui lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa, akifika mbele huko ambako baba hayupo, hana silaha yoyote. Huyu baba alipoanza kuongea alisema Zakaria alikuwa anamlinda mtoto, na hakusema kwa ubishi, alimaanisha. Mwalimu akamfungulia ile sehemu ya kipigo akamwomba asome kwa sauti, akasoma, alipofika katikati akasema mwenyewe, "Hapa hamna kulinda." Sijui vitabu vingapi vinaweza kufanya hivyo kwa mtu mzima mwenye msimamo wake. Lugha ni nyepesi, unamaliza wikiendi moja, ila tafadhali sana kina utoaji mimba na kujiua ndani yake, kwa hiyo usimpe rafiki ambaye nyumbani kwake kidonda cha namna hiyo hakijapona. Lazima umjue unayempa.

Na hapo ndo nafika kwenye Nagona, ya Kezilahabi huyohuyo, ya 1990. Naiheshimu, na nitairudia nikiwa na utulivu. Lakini alipewa kijana wetu mdogo kuliko wote ambaye ndo kwanza anaanza kusoma riwaya, kisa tu ni nyembamba, na wembamba wa kitabu sio urahisi wa kitabu. Hamna ile stori ya huyu akafanya hivi halafu vile, kuna msafiri na ndoto na mafumbo na maswali ya falsafa, mahali na wakati havishikiki. Kijana aliisoma yote, hakukwepa, alipokuja akasema kila ukurasa anaujua ila kitabu hakijui. Mi nimeona hiyo ni tathmini nzuri sana kuliko nyingi za wasomi! Ila mjadala haukwenda popote, tuliishia kubahatisha. Mpe mtu ambaye ameshasoma vitatu vinne vya Kezilahabi na anataka kujua alifika wapi.

Kwa rafiki anayesema "mi sio msomaji" dawa ni Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Said Abdulla, 1960. Fundi umeme wetu alipewa hii. Tajiri ameuawa, maiti iko mzimuni, na Bwana Msa na kiko chake anapeleleza taratibu huku rafiki yake Najum akimfuata nyuma na kukosea kila dhana. Tulifanya kitu kimoja ambacho nawashauri na nyie mfanye, tulikubaliana wote tusimame kabla ya mwisho, kila mtu aandike jina la anayemshuku, akunje karatasi, ndo tumalizie. Fundi alipatia sehemu kubwa kwa sababu alikuwa anafuatilia nani alikuwa wapi saa ngapi, sie wengine tulikuwa tunafuata hisia. Kile Kiswahili cha Unguja cha zamani kinaweza kukukwamisha kurasa za mwanzo, vumilia, baadae unakinogewa.

Mimi nilichaguliwa Peponi. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, yaani mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata tuzo ya Nobel ya fasihi. Yusuf ana miaka 12, anapandishwa treni na mfanyabiashara Aziz ambaye yeye anadhani ni ndugu wa familia, anafika pwani anawekwa dukani, na huko anamkuta Khalil ambaye ndo anampasulia ukweli kwamba yule sio ndugu yako, mwite Seyyid, uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Tafsiri imekaa vizuri mno, yale mazungumzo ya dukani na ya wapagazi njiani yanasikika kama yamerudi nyumbani. Safari ya bara ni ndefu na kuna mahali nilichoka, ila ndo penyewe pa kuona biashara ile ilikuwa inakula watu. Kwenye mjadala hatukubaki kwenye enzi ya Mjerumani ya kitabuni hata kidogo, mtu akataja mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, jinsi mama mtu anavyochukuliwa kitanda na friji kwa deni la mumewe, basi Yusuf akawa mtoto wa mtaani kwetu. Aliyenichagulia alisema amenipa kwa kuwa mi napenda kusema watu wa pwani walikuwa waungwana, alitaka nione upande wa pili. Nimeuona.

Kuhusu kununua, duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale mtaa wa Samora ndo tunaanzia sana, utakaa ukague bila mtu kukusukuma, na kwa wauza vitabu vya mitumba huko mjini unaweza kuokota vya zamani kwa bei poa. Ila fungua kitabu kabla hujalipa! Kuna sehemu moja tuliuziwa nakala iliyorudufiwa kwa kificho, gundi mbovu, kurasa zinachomoka na nyingine zimejirudia, na ukimpa rafiki kitu hicho unamharibia hamu kabisa, na mwandishi hapati hata senti.

Kinachoniudhi ni kwamba duru nzima imepita hatujasoma mwanamke hata mmoja aliyeandika mwenyewe, tumepata mtafsiri tu. Raundi hii nimemwokota kaka wa Unguja, amewasoma Wazanzibari karibu wote wanaume, kwa hiyo nimeamua nimtafutie Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, ya 1987. Nimezunguka sijapata nakala iliyo kamili, mwenye nayo ya kuuza, au anayejua duka la Tanga au Mombasa lenye nayo, anistue.