Airframe ya Michael Crichton: isome ukiwa chini, sio angani

Jamani kama unapenda stori za ndege na makampuni makubwa yanayofichana mambo, itafute hii Airframe, ni ya 1996 ila wala haijachuja. Ndege imetoka Hong Kong inaenda Denver, huko juu inaanza kupanda na kushuka kama punda aliyechachamaa, abiria wanarushwa mpaka darini, 3 wanakufa na 56 wanaumia, halafu inatua Los Angeles kama kawaida. Casey Singleton, dada wa kitengo cha ubora kwenye kampuni iliyoiunda, anapewa wiki moja tu apate jibu, maana Wachina wanataka kununua ndege hizohizo na mabosi hawataki dili life. Ila sio mabosi wote wanaomtakia mema, hapo naishia.

Ile sehemu ya video nilirudia kuisoma. Baba anamrekodi mkewe na katoto kao wanacheka, ghafla kila kitu kinageuka, kamera nayo inaruka huko.

Nikawa naikumbuka ile ndege ya Boeing 737 MAX ya Ethiopian ya Machi 2019, ilikuwa inakuja Nairobi, watu 157 wote wakafa, na ule mfumo wa MCAS, unaoshusha pua ya ndege wenyewe, mwanzoni haukuwepo hata kwenye vitabu vya marubani. Yani riwaya sio uongo mtupu.

Ubaya wake maneno ya ufundi ni mengi mno, mabawa sijui slati sijui sensa, mengine niliruka. Na watu wa TV wanaoifuatilia stori ya ndege hiyo kawachora wapumbavu kupita kiasi. Nampa 4 kwa 5.