WIDI Master na WIDI Bud Pro kwenye piano inayojipiga: lawama nyingi si za Bluetooth

Piano inayojipiga yenyewe, mfano Disklavier ya Yamaha, ni piano kamili ya nyundo na nyuzi iliyowekewa sensa za kusoma vidole na solenoidi, yaani sumaku za umeme, za kusukuma vibonyezo 88. Ukiiunganisha na kompyuta kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta hupashana nota, unachopiga kinarekodiwa, na kilichorekodiwa kinapigwa tena na nyundo zilezile. Waya wa kawaida wa MIDI unaifanya kazi hiyo vizuri tu. Tatizo ni kwamba piano haihamishwihamishwi, kompyuta nayo ina meza yake, na waya unaokatiza chumba utamkwaza mtu siku moja. WIDI Master, kifaa cha kampuni ya CME kinachopitisha MIDI kwa Bluetooth, inaondoa waya huo, na inafanya kazi vizuri mradi ujue kipi ni kosa lake na kipi ni tabia ya piano.

Kifaa chenyewe kina vipande viwili. Kichwa kikubwa cha pini tano kinaingia kwenye tundu la MIDI OUT la piano, na kichwa kidogo kinachoning'inia kwa waya mwembamba kinaingia MIDI IN. Hakuna betri wala chaja, kwani kinavuta umeme wake kutoka MIDI OUT, iwe ya volti 5 au 3.3. Ukivichomeka kinyume, taa haiwaki kabisa, kwa sababu MIDI IN haitoi umeme. Watu huishia kudhani wameuziwa kifaa kibovu. Kabla ya kukirudisha dukani, geuza vichwa.

Piano isiyo na matundu ya pini tano, yenye tundu la USB TO HOST tu, haikifai kifaa hiki. Hapo tafuta UD-BT01 ya Yamaha au WIDI Uhost ya CME, vifaa vya kazi hiyohiyo kwa tundu la USB. Zote mbili zinahitaji umeme wa USB kutoka pembeni, kwa hiyo waya mmoja utabaki.

Upande wa kompyuta ndiko wengi wanakokwama. Kwenye Mac, usioanishe kifaa kupitia mipangilio ya kawaida ya Bluetooth. Fungua Audio MIDI Setup, ingia menyu ya Window, chagua Show MIDI Studio, bonyeza alama ya Bluetooth, kisha bonyeza Connect mbele ya jina la kifaa. Baada ya hapo programu yoyote ya kurekodi itakiona kama tundu la kawaida la MIDI.

Windows ina utaratibu mwingine. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2016 inaielewa MIDI ya Bluetooth, lakini kupitia mfumo mpya ambao programu nyingi za zamani hazikuandikiwa. Ndiyo maana kifaa kinaonekana kimeunganishwa kwenye mipangilio, halafu programu ya kurekodi haina habari nacho. Kati ya programu za kurekodi, Cubase ina mahali pa kuruhusu WinRT MIDI, na Cakewalk inaruhusu UWP, ambayo yote ni majina ya mfumo huo mpya. Kwa nyingine utalazimika kupitisha nota kwenye programu ya MIDIberry, kutoka hapo ziingie loopMIDI, programu ya tundu la MIDI la kubuni, ndipo zifike kwenye programu yako. Inawezekana, ila kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuharibikia.

Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa Windows, WIDI Bud Pro si pambo. Ni kidonge kidogo cha USB kinachobeba redio yake chenyewe. Kompyuta inakiona kama kifaa cha MIDI cha USB kisichohitaji draiva, na Bluetooth ya kompyuta unaweza kuizima kabisa. Kidonge na Master vinatafutana na kushikana vyenyewe mara vikipata umeme. Visiposhikana, kagua kwanza kama tableti au simu iliyo karibu imeshaiwahi Master. Ikishashikwa na kifaa kimoja, haionekani kwa kingine mpaka iachiwe, isipokuwa umeviweka kwenye kundi kwa kutumia programu ya WIDI. Programu hiyo ndiyo pia inayosasisha programu ya ndani ya vifaa. Fanya hivyo kwa vyote viwili kabla ya kuanza kazi, kwa sababu matoleo yanayotofautiana sana ni chanzo cha vituko visivyoelezeka.

Mahali pa kuweka pana uzito kuliko umbali. Sanduku la mitambo ya piano hizi huwa limefichwa chini ya piano, na juu yake kuna fremu nzito ya chuma cha kusubu. Master ikibaki imebanwa kati ya sanduku la chuma na fremu hiyo, mawimbi yanapenya kwa taabu. Chukua waya mfupi wa kurefusha MIDI wenye pini zote zilizounganishwa, maana bila pini ya umeme taa haitawaka, uishushe Master ining'inie hewani upande unaoielekea kompyuta. Kwenye kompyuta, usichomeke Bud Pro ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3.0. Matundu na waya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth. Waya wa kurefusha USB wa mita moja, wa aina ya 2.0, unamaliza ugomvi huo.

Sasa kasi. CME wanataja ucheleweshaji wa kiasi cha milisekunde 3 kati ya vifaa viwili vya WIDI. Ukiunganisha Master moja kwa moja na Bluetooth ya Mac au iPad, mazungumzo hufanyika kila milisekunde 11.25 au 15, kwa hiyo nota inaweza kungoja zamu yake. Kwa kulinganisha, sauti hewani huchukua karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja. Na waya wenyewe si malaika. MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, nota moja ya baiti tatu inachukua karibu milisekunde 1, na vidole kumi vikishuka pamoja nota ya mwisho inakuwa karibu milisekunde 9 nyuma ya ile ya kwanza. Ukitumia Master na Bud Pro pamoja, tofauti na waya haisikiki kwenye upigaji wa kawaida. Ukiitumia Master pekee, trili za kasi, yaani nota mbili jirani zinazopokezana haraka, zikirekodiwa huonyesha nota zilizosogea kidogo kutoka mahali pake. Kwa darasa na mazoezi inatosha. Kwa rekodi utakayoihariri nota kwa nota, ongeza kidonge.

Halafu kuna lile kubwa. Mtu anaunganisha, anatuma wimbo kutoka kompyuta, na piano inaitikia nusu sekunde baadaye. Anailaumu Bluetooth, anarudi kwenye waya, na nusu sekunde iko palepale. Disklavier huwa na mpangilio wa kuchelewesha MIDI inayoingia kwa milisekunde 500, na umewekwa kwa makusudi. Nyundo ya pigo laini husafiri polepole, ya pigo kali inafika haraka. Nota mbili zinazotakiwa kusikika pamoja, moja laini na moja kali, zikisukumwa kwa wakati mmoja zitagonga nyuzi kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo piano inapokea nota, inaishikilia, inahesabu inahitaji muda gani, kisha inaisukuma ile laini mapema na ile kali baadaye, ili zote zitue kwenye nyuzi nusu sekunde kamili tangu zilipopokelewa.

Mpangilio huo unaweza kuzimwa, nawe uuzime ukitaka piano imfuate mpigaji aliyeko kwenye kinanda kingine. Malipo yake ni kwamba nota laini zitaburuta miguu. Ukitaka piano icheze wimbo uliorekodiwa, uache umewashwa na ufanye marekebisho kwenye programu: mstari wa piano (track) uweke ucheleweshaji wa milisekunde hasi 500, au mistari mingine yote icheleweshe kwa milisekunde 500. Ukiirekodi piano kwa maikrofoni wakati huo, na hukurekebisha chochote kabla, irudishe rekodi ya sauti nyuma kwa kiasi hichohicho. Usikisie kwa sikio. Tuma nota moja kali kwenye mpigo wa kwanza, rekodi sauti yake, kuza mchoro wa wimbi na upime pengo.

Kosa linalofuata kwa wingi ni mzunguko. Programu nyingi za kurekodi hupitisha kila zinachopokea kwenda kwenye tundu la kutokea. Unabonyeza Do ya kati, nota inapanda kwenye kompyuta, inarudi kwenye piano, na nusu sekunde baadaye kibonyezo kilekile kinataka kushuka chini ya kidole chako. Zima upitishaji huo kwenye mstari unaourekodi. Kuzima Local Control, yaani kutenganisha vibonyezo na sauti ya kinanda chenyewe, dawa ya vinanda vya umeme, hapa hakutakusaidia sana, kwa sababu nyundo ya piano halisi inafuata kidole upende usipende. Kagua pia chaneli ambayo piano inaisikiliza. Faili lenye vyombo vingi likitumwa zima-zima kwenye chaneli moja, ngoma nazo zitapigwa kwa vibonyezo, na hiyo si sauti ya kumsikilizisha jirani.

Pedali ndiyo inayojaza njia. Piano zinazosoma nusu pedali, yaani pedali iliyokanyagwa kiasi tu, hutuma mfululizo wa thamani za kidhibiti namba 64 kila mguu unaposogea, na katikati ya muziki mzito mfululizo huo unagombea nafasi na nota. Bluetooth hurudia kutuma kilichokwama, kwa hiyo nota moja haipotei hivihivi, inachelewa. Inapotea mawasiliano yakikatika: kompyuta imelala, au Windows imezima umeme wa tundu la USB ili kuokoa betri. Hapo ujumbe wa kuachia nota haufiki, kibonyezo kinabaki chini, na solenoidi inayoshikilia muda mrefu hupata joto. Zima usingizi wa kompyuta na wa matundu ya USB wakati wa kazi, na ujue ilipo amri ya kuzima nota zote kwenye programu yako, ile inayotuma kidhibiti namba 123. Data ndefu za mfumo, kama kuhifadhi mipangilio ya piano, zipitishe kwenye waya.

Kabla ya kuandika malalamiko yoyote kuhusu ucheleweshaji, vua vipokea sauti vya Bluetooth. Sauti ya Bluetooth ni mfumo mwingine kabisa na huchelewa zaidi ya milisekunde 100 bila shida. Anayesikiliza vinanda vya kompyuta kupitia vipokea sauti hivyo ataiona Master ni mbovu hata ikifanya kazi kikamilifu. Piano yenye alama ya Bluetooth nayo isikudanganye: baadhi hupokea sauti tu, bila MIDI.

Wenye piano na kompyuta katika vyumba tofauti waangalie Wi-Fi badala ya Bluetooth. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye programu ya rtpmidid inayopitisha MIDI kwenye mtandao, iliyochomekwa kwenye piano kwa USB, inatosha. Mac ina MIDI ya mtandao tayari, na Windows inatumia rtpMIDI ya Tobias Erichsen. Fungua milango ya UDP 5004 na 5005 kwenye ngome ya kompyuta (firewall), usitumie mtandao wa wageni kwa sababu mara nyingi unazuia vifaa kuonana, na kwenye Raspberry Pi zima uokoaji wa umeme wa Wi-Fi kwa amri ya iw wlan0 set power_save off. Ukisahau hiyo ya mwisho, nota zitafika mafungumafungu.