Bodi ya ADF4351 kwa fundi wa redio: nzuri, ila usiiamini taa

Nimeichukua bodi hii ya kutengeneza mawimbi ya redio kwa ajili ya kupima redio za VHF za mashua hapa Mombasa, maana jenereta ya mawimbi ya maana, hata iliyotumika, bei yake inakimbiza mtu dukani. Ni kibao kinachoenea kiganjani: chipu ya Analog Devices, kristali ya MHz 25, soketi za SMA (viunganishi vidogo vya waya wa redio) na kijitaa cha kuonyesha kuwa mawimbi yametulia. Inatoa kuanzia MHz 35 hadi MHz 4,400. Kwa pesa niliyolipa, sina ugomvi.

Haina kitufe wala kioo. Unaiandikia rejista sita, yaani vihifadhi vya mipangilio ndani ya chipu, kwa waya tatu, ukianzia R5 na kumalizia R0. Mimi natumia Arduino, kibao kidogo cha kuprogramu. Angalieni hapo: chipu ni ya volti 3.3, Arduino Uno inatoa 5. Msipogawa volti kwa rezista mtaiunguza kabla hamjaiona ikifanya kazi.

Sasa, chaneli 16 ya baharini ni MHz 156.8. Oskileta (kizalisha mawimbi) iliyo ndani ya chipu haishuki chini ya MHz 2,200, kwa hiyo inakwenda MHz 2,508.8, kisha inagawanywa kwa 16. Kinachoizuia isitangetange ni saketi ya PLL, inayoifungamanisha oskileta na kristali. Inaigawa ile 2,508.8 kwa 100 na 44/125, inapata 25, halafu inaipambanisha na kristali, fezi kwa fezi. Oskileta ikibaki nyuma, mkondo unasukumwa kwenye kichujio, volti inapanda, nayo inaongeza mwendo. Ikitangulia, volti inashushwa. Zikilingana, taa inawaka.

Taa hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Kristali ni imamu, oskileta ni maamuma: imamu akikosea, safu nzima inamfuata bila fujo. Weka ncha ya kidole juu ya kristali uangalie kihesabu masafa: tarakimu za mwisho zinaanza kutembea, taa imetulia tuli. Kosa la sehemu 10 kwa milioni linakuwa karibu kHz 1.6 kwenye chaneli 16. Hapo huwezi kuisawazisha redio ya mteja ukalala usingizi. Niliing'oa kristali, nikaingiza MHz 10 kutoka oskileta inayoongozwa na GPS, nikabadilisha hesabu kwenye programu. Ubishi ukaisha.

Umeme nao ni shida. Kwa chaja ya simu, wimbi linatoka na vimelea, yaani mawimbi madogo yasiyotakiwa, pande zote mbili. Kwa betri linasafika. Na msitarajie wimbi laini: likishagawanywa linakuwa la mraba, kwa hiyo chaneli 16 inakuja na mwenzake wa MHz 470.4. Weka kichujio.

Kubwa zaidi ni nguvu. Kiwango cha chini kabisa ni dBm -4 (dBm ni kipimo cha nguvu ya wimbi), yaani karibu volti 0.14, na redio nzuri inasikia hata sehemu ya maikrovolti, yaani chini ya milioni moja ya volti. Vipunguza nguvu vya dB 100 ninavyo, lakini bodi ikiwa uchi wimbi linavuja hewani na redio inalidaka bila kupitia waya. Mpaka nilipoifungia ndani ya kopo la bati lililochomelewa kwa risasi ndipo vipimo vikaeleweka.

Kama hutapita VHF ya mashua, chukua moduli ya Si5351, chipu nyingine ya kutengeneza mawimbi. Inafika MHz 200, ni nafuu zaidi, na wimbi lake ni la mraba vilevile.