Mafunzo ya kuvua samaki kwa mshipi kwa watoto na wazazi, Fumba, Unguja: mazuri, ila saa zao haziendi na maji

Kwa anayetaka jawabu la haraka: wapelekeni watoto, lakini tazameni mwezi kabla hamjalipa.

Mafunzo yanafanyika Jumamosi asubuhi, ufukweni upande wa Fumba. Hakuna boti wala fimbo za watalii. Ni mshipi wa mkono uliozungushiwa kibao, ndoana ndogo, risasi ya kuzamishia mshipi na vipande vya ngisi. Mtoto analipa elfu tatu, mzazi anayekaa naye halipi kitu, na vifaa unavikuta hapohapo. Mimi nilikwenda na wanangu pamoja na mtoto wa dada yangu, watoto wa mjini ambao samaki wanamjua akishaparwa magamba.

Aliyenifurahisha ni mzee anayefundisha. Kavua ghuba ya Menai tangu haijawekwa chini ya hifadhi mwaka 1997, na maneno yake si mengi. Kabla ya mtoto kugusa maji, anamfumbisha macho, anampitishia mshipi juu ya kidole cha shahada, kisha yeye anakaa upande wa pili na kuuchezea. "Hivi changu anadona. Hivi kikande, anakula chambo anakuachia ndoana tupu. Na hivi umenasa jiwe." Binti yangu alikosea, akakosea tena, halafu akaanza kupatia. Akitaka kukurupuka kuvuta, mzee anamwambia, "Taratibu mjukuu wangu, mwache ameze." Mtoto huyu chuoni hatulii hata nusu saa. Pale alikaa kimya mpaka nikamwendea kumtazama.

Jengine nililolipenda: hawafichi hatari. Kijana mmoja alipandisha bunju, akafura pale mchangani, watoto wakapiga kelele za furaha. Mzee aliwaachia wacheke kidogo, kisha akawaeleza kuwa sumu ya samaki yule haiishi kwa kupikwa, na akamrudisha majini mbele yao. Samaki mwengine, tasi, mzee alimshika kwa kitambaa, akawaonesha miba ya mgongoni na ya tumboni, akasema ikikuchoma utie mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Mambo haya skuli hawafundishwi, na wanaishi kisiwani.

Wasichana wanapewa mshipi sawasawa na wavulana. Nalitaja kwa sababu huku kwetu mwanamke anajulikana kwa kutanda dagaa na kuchokoa pweza, mshipi unaachiwa wanaume, na mama mmoja aliyekuwepo alinong'ona hivyohivyo. Baadae nilimwona naye ameshika kibao.

Sasa lawama. Mafunzo yanaanza saa mbili asubuhi kila Jumamosi, maji yawe yamejaa au yamekupwa. Mtu yeyote wa pwani ya Unguja anajua kuwa wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kama saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Ukienda Jumamosi iliyoangukia hapo, mnalitupia tope, na watoto wanaishia kuokota kaa. Wiki inayofuata, maji mafu yasiyojaa wala kukupwa sana, saa nne hiyohiyo maji yapo juu na samaki wanakula. Nilipowauliza waandaaji, niliambiwa ratiba imepangwa mapema kwa ajili ya usafiri wa wanafunzi. Sawa, lakini kalenda ya Kiislamu ipo ukutani kwa kila mmoja wetu. Kuipanga ratiba kwa tarehe za mwezi si kazi ya wiki nzima. Mzee mwenyewe siku ile alikuwa anatikisa kichwa tu.

Majaketi ya kuokolea nayo ni machache na ya watu wazima. Mwanangu mdogo lake lilimpanda hadi masikioni. Wanavua wakiwa wamesimama ukingoni, kina si kirefu, ila hilo la jaketi mimi sikulipenda hata kidogo.

Choo kipo, kisafi. Kivuli ni mivinje, hakitoshi watu wote.

Kwa hiyo chagueni Jumamosi iliyo karibu na tarehe 7 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa maji mafu. Chukueni kofia, maji ya kunywa na kitambaa kikuukuu cha kushikia samaki, maana vyao havitoshi. Mtoto wa chini ya miaka saba mwacheni nyumbani, ndoana ni kali na mzee ni mmoja. Na msiwaahidi watoto kitoweo: vichewa vidogo vyote vinarudishwa majini, na mpwa wangu alinuna mpaka tukashuka daladala.