Mdoli wa Kariakoo asiyeongea, uzoefu wangu na binti yangu wa miaka mitatu

Mdoli wenyewe ni wale wa plastiki laini, saizi ya kichanga hivi, rangi ya kahawia, hana betri, haimbi wala halii, macho tu ndo yanafumba ukimlaza. Nilimchukua Kariakoo mtaa wa Kongo, muuzaji kaanza na elfu 25 tukavutana pale kwenye jua mpaka akaniachia kwa 17. Nyumbani tayari tulikuwa na mwingine wa nywele za njano, yule ukimbonyeza tumbo anaimba, mjomba wake alimletea, kwa hiyo hapa nawalinganisha wote wawili nimewaona kazi zao.

Yule wa betri mtoto anambonyeza, anamsikiliza, anacheka, anambonyeza tena, basi imeisha hiyo. Huyu bubu sasa, kwa kuwa hasemi kitu inabidi binti yangu amsemee, yani anauliza mwenyewe anajibu mwenyewe, "umeshiba? bado? haya maliza uji, usipomaliza hatuendi kwa bibi", na sauti anabadilisha kabisa, ya mama nzito ya mtoto nyembamba. Alikuwa mtu wa neno mojamoja, maji, njaa, sitaki, siku hizi anashusha sentensi ndefu zenye "kwa sababu" na "kwanza alafu". Sisemi ni mdoli peke yake, chekechea nayo kaanza mwaka huu, ila maneno mengi nayasikia kwanza akiwa na mdoli wake kwenye mkeka ndo baadae anatuletea sisi.

Mchezo wake mkubwa ni kliniki. Nikimpeleka mdogo wake kupima na yeye huwa namchukua, basi tukirudi mdoli anafungwa kwenye kanga ananing'inizwa kwenye kitasa cha mlango, eti mizani, anaandikiwa kadi, anachomwa chanjo pajani kwa kalamu, alafu anabembelezwa "pole mama, imeisha". Jamani huyu ndo yule aliyekuwa akiona koti jeupe anapiga kelele hadi foleni nzima inageuka! Juzi kachomwa yeye mwenyewe kakunja uso tu. Na wivu kwa mdogo wake umepungua sana, mimi nikinyonyesha na yeye ananyonyesha wake, nikibadilisha nepi na yeye anabadilisha wa kwake kwa kipande cha kitenge nilichoomba kwa fundi cherehani. Hapo hapo vidole vinajifunza, kufunga vifungo kaanzia kwenye nguo za mdoli, sasa anafunga shati lake la shule.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff kule Uingereza wa mwaka 2020, waliwapima watoto 33 wa miaka 4 hadi 8 ubongo ukiwa unafanya kazi wakati wanacheza, wakakuta mtoto akicheza na midoli hata akiwa peke yake ile sehemu ya ubongo inayohusika na kuelewa hisia za wengine inaamka, kuliko akicheza gemu kwenye tableti peke yake. Ila mjue aliyetoa hela ya utafiti ni Mattel, wenye Barbie, kwa hiyo soma huku umefumbua macho. Mimi kwa ninayoyaona sebuleni kwangu siwapingi.

Na wenye watoto wa kiume msiogope. Mtoto wa dada yangu akija anambeba mgongoni na kumwogesha kwenye beseni, shangazi mmoja akaguna eti atakuwaje huyo, nikamwambia shangazi atakuwa baba. Akanyamaza kidogo akaendelea na vitumbua vyake.

Haya, mapungufu yapo. Mkono mmoja unachomoka ukivutwa sana, unarudi ila ipo siku hautarudi. Harufu ya plastiki siku za mwanzo ilikuwa kali nikamwosha kwa sabuni nikamwanika nje ndo ikatulia. Jicho la kushoto linakwama ukimtia maji mengi, kwa hiyo sasa hivi analala jicho moja wazi, binti yangu anasema "anatuchungulia". Kwa elfu 17 sidai sana, nampa nyota nne.

Ukienda kununua mvute mikono na macho pale pale mbele ya muuzaji, hasa kama mtoto wako yuko chini ya miaka mitatu maana kila kitu kinaingia mdomoni. Na ukimtaka wa kuimba hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, zile betri ndogo za duara mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo ndani ya masaa mawili, hiyo unakimbilia hospitali saa hiyo hiyo husubiri aanze kulia. Asubuhi ndo muda mzuri wa kwenda, mchana Kongo hapapitiki, na pochi iweke mbele.